Kilichofungwa Utepe

Waliolijua jina lake halisi walikuwa wachache, na wengi wao wamekwisha kuzikwa. Kwa wengine wote alikuwa Mama Vifungo, kwa ajili ya kile kiduka chake kilichobanwa kati ya duka la viatu na kinyozi, alimouza vifungo, zipu, nyuzi, lastiki na tepe za kila rangi. Ukitaka kifungo cha kufanana na kile kilichodondoka kwenye koti la marehemu babu yako, ulikwenda kwake. Alikitazama kimoja kilichobaki, akafumba macho kidogo kama anayesikiliza, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka na kuvuta droo yenyewe hasa. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mtaji wake. Alijisifia hiyo kuliko alivyomsifia binti yake, jambo ambalo halikumfurahisha binti yake hata kidogo.

Magoti yalipoanza kumsumbua alifunga duka, akahamishia maboksi yote sebuleni kwake, akawa mtu wa kukaa dirishani. Kukaa dirishani si kazi. Kila aliyepita alijua ametazamwa, na mwenye duka la viatu alilalamika kwamba sasa hata kupiga miayo anaona haya.

Lazima tumtaje na dada yake, maana bila yeye hofu ya Mama Vifungo haitaeleweka. Dada mkubwa huyo alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa sauti nzito na mzaha mwingi, na akili yake ilimtoka kidogo kidogo. Haikuanza kwa kusahau majina. Ilianza kwa lawama. "Kuna mtu anahamisha vitu vyangu," alisema kila siku, mara miwani, mara ufunguo, mara kanga aliyokuwa ameivaa. Nyumba nzima ikamwamini. Msichana wa kazi akafukuzwa bila kosa, akaondoka analia, na ilipokuja kujulikana kwamba dada mwenyewe ndiye aliyekuwa akivificha vitu ndani ya pipa la unga, hakuna aliyejua pa kumpata yule binti wa watu kumwomba radhi. Mama Vifungo alimwogesha dada yake, akamlisha, akaitwa "mama" na mtu aliyemzidi umri, hadi alipomzika. Tangu hapo alikuwa na hofu moja tu duniani, na hakuwahi kuitaja kwa sauti.

Binti yake aliijua hata hivyo. Yeye alifanya kazi kwenye duka la dawa upande wa pili wa mji, na baada ya mama kuunguza sufuria ya maharage alianza kumtazama kwa jicho lile analotazamia chupa kuona kama tarehe imepita. Sufuria moja! Nani hajaunguza maharage? Lakini binti aliuliza maswali yake ya mtego, leo siku gani, jana ulikula nini, na mama akajibu yote sawasawa huku moyo unamwenda mbio kama mwanafunzi.

Sasa, chini ya mtaa ule kuna bustani ya umma, mahali penye kijito chembamba, mabenchi ya saruji na njia ya kutembeza watoto. Zamani Mama Vifungo alimpeleka dada yake pale kila jioni. Baadaye lantana ikaingia. Mwanzoni ni mtu tu aliyeipanda kuwa ua la nyumba yake, akapenda vile vijiua vyake vya manjano na waridi. Ndege wakala matunda yake meusi, wakayabeba, na kufumba na kufumbua mmea ukashuka hadi kijitoni, wenye miiba na majani ya kukwaruza, ukafunika njia, ukameza mabenchi. Chini yake hakuna kinachoota kikafurahi.

Waliojitolea kuing'oa walikutana kila Jumamosi asubuhi. Kiongozi wao alikuwa mwoka mikate, mwanamke wa makamo aliyeitwa Kapteni kwa sababu ya filimbi aliyovaa shingoni, aliyoipuliza hata pale ambapo kusema kungetosha. Aliwafundisha kazi. Lantana ukiikata tu umeisaidia, alisema. Inarudi na wenzake. Uichimbe na mizizi, uitikise udongo, uiweke kwenye jiwe mizizi ikitazama jua hadi ikauke. Mama Vifungo alijiunga kwa kuwa alichoka na dirisha, na pia, alijiambia, kwa kuwa alitaka kuliona tena lile benchi lao.

Magoti hayakumruhusu kushika jembe, na kwa muda alikuwa mtu wa kushika koti za wenzake. Ndipo alipoona kasoro. Ndani ya lantana kulikuwa na miche ya miti ya asili, mikuyu hasa, midogo, inapigania mwanga, na watu walipopandwa na ari ya kazi waling'oa yote pamoja, mgeni na mwenyeji. Jumamosi iliyofuata alikuja na boksi la tepe nyekundu zilizobaki dukani. Akapita mbele ya wachimbaji, akainama kwa mkono mmoja kiunoni, akafunga utepe kwenye kila mche wa kubakizwa, kwa fundo lake la dukani la kukunja mara mbili. Dukani kwake kitu kikifungwa utepe mwekundu kilikuwa ni cha mteja fulani, kimewekwa kando, hata ungelia machozi hupewi. "Kilichofungwa utepe kisiguswe," Kapteni akatangaza, akapuliza filimbi. Mama Vifungo alirudi nyumbani mchovu na mwenye furaha ambayo hakuwa nayo tangu afunge duka.

Jumamosi ya pili baada ya hapo mambo yakaharibika. Walifika kijitoni wakakuta miche aliyoifunga haipo. Si kukauka, haipo kabisa. Vishimo vimebaki, na tepe zimetupwa kwenye lundo la takataka. Jambo lililomtia wazimu zaidi ni kwamba lantana, visiki vinene vya lantana vilivyokuwa bado vimesimama, vilikuwa vimefungwa tepe nyekundu. Tepe zake. Hakuna duka jingine mjini lililowahi kuuza wekundu ule wenye uzi mweupe ukingoni.

"Mama, hii si lantana?" Kapteni akauliza kwa upole, ameshika utepe mmoja.

"Ni lantana."

"Na huu si utepe wako?"

"Wangu."

Kapteni alimtazama, akaitazama lantana, akamtazama tena. "Labda ulichoka siku ile. Jua lilikuwa kali sana," alisema, na filimbi hakuipuliza. Laiti angeipuliza. Upole ule ulimuumiza Mama Vifungo kuliko matusi. Aliinama akaangalia fundo. Halikuwa fundo lake. Lilikuwa fundo la hovyo, la mtu anayefunga kamba za viatu. Ila naye akajiuliza, mkono hauwezi kusahau kama kichwa? Dada yake mwishoni alisahau hata kushika kijiko.

Alifunga upya miche iliyosalia, safari hii akiitaja kwa sauti kila mmoja: wewe mkuyu, wewe mkuyu, wewe sikujui lakini si lantana. Vijana waliokuwa karibu walitazamana. Wiki iliyofuata yakawa yale yale. Mikuyu imeng'olewa, lantana imevikwa tepe kama bibi harusi. Kichwa kilimzunguka hadi akakaa juu ya toroli. Alikumbuka kufunga. Alikumbuka majani laini chini ya vidole, na lantana haina majani laini. Lakini dada yake pia alikuwa akikumbuka vizuri sana, kwa kuapa, mambo ambayo hayakutokea.

Jumapili binti alikuja na dawa za magoti. Wakanywa chai. Mama Vifungo alikuwa amejiapiza kutosema chochote, akasema juu ya bei ya sukari, juu ya mwenye duka la viatu, kisha mdomo ukamponyoka.

"Kuna mtu anahamisha tepe zangu."

Binti aliweka kikombe chini polepole.

"Mama, umesikia ulichosema?"

Alikuwa amesikia. Alikuwa amekisikia kwa sauti nzito ya dada yake.

"Najua unafikiri nini," alisema. "Lakini kwangu mimi kweli kuna mtu."

"Hata mama mkubwa alisema kweli kuna mtu."

"Na kama yupo?"

Binti alishika tama, macho yake yamejaa, na Mama Vifungo akaona kwamba mwanawe naye alikuwa ameogopa muda mrefu, peke yake, huko kwenye duka lake la dawa. Hapo ndipo walipokubaliana, kama wafanyabiashara wawili waliojuana. Binti alikuwa tayari ameshaongea na daktari. Nafasi ilikuwepo Alhamisi. Kama kufikia Jumatano jioni mama hajampata huyo mtu wa tepe, watakwenda, na daktari akisema ndivyo, nyumba hii itafungwa, mama atahamia kwa binti kwenye kile chumba cha nyuma.

"Na nikimpata?"

"Ukimpata sitasema tena. Si daktari, si kuhama. Sitafungua mdomo wangu."

"Utaweza?"

"Nitajikaza."

Jumatatu Mama Vifungo alikwenda bustanini akakaa kwenye benchi moja lililokwisha kufunuliwa, kama mpelelezi, mwavuli mkononi. Aliona mbwa, aliona wapenzi wawili waliohama walipomwona, akaambulia patupu. Jumanne mvua ikanyesha na yeye akakaa humo humo mvuani, na mtunza bustani akaja kumuuliza kama kuna mtu wa kumpigia simu. Alitaka kumjibu vibaya, kisha akafikiri: ndivyo ninavyoonekana sasa? Akarudi nyumbani viatu vinalia maji. Usingizi ulikuwa wa kuokoteza. Akijiaminisha kwamba yuko sawa, wazo la pili linamuuliza, na mgonjwa wa kichwa angejiambia nini tofauti?

Jumatano asubuhi, alipokaribia kijito, alisikia majembe.

Watu walikuwa wengi, wazee hasa, wamevaa glavu na kofia za majani, wanafanya kazi kwa mpango kabisa. Aliwakaribia. Mwanamume mrefu mwenye mgongo ulionyooka alikuwa ameushika mkuyu uliofungwa utepe mwekundu kwa fundo la kukunja mara mbili, akauvuta, ukatoka na mizizi yake yote, akauweka juu ya jiwe mizizi ikitazama jua. Kazi safi. Mama Vifungo angemkumbatia na kumpiga mwavuli kwa wakati mmoja.

"Mzee mwenzangu, unafanya nini?"

"Nang'oa mimea vamizi, dada."

"Huo ni mkuyu!"

Mzee aliinamia ule mche, akaugeuza. "Una utepe," alisema, kama mtu aliyemaliza mjadala.

"Ndiyo, una utepe! Kilichofungwa utepe hakiguswi!"

"Hapana. Kilichofungwa utepe ndicho kinachoondoka." Aliuvua utepe akauonyesha. "Mimi nimefanya kazi posta maisha yangu yote. Mfuko ukifungwa alama nyekundu, huo unakwenda safari. Usiofungwa unabaki. Sisi Jumatano tunafunga, Jumatano inayofuata tunang'oa tulivyofunga. Kila mwaka tulikuwa upande wa barabarani, huku tumevuka mwezi huu tu. Nikashangaa kidogo kuona vingine vimekwisha kufungwa. Nikasema, watu wa Jumamosi wametusaidia."

"Nyinyi mkafunga lantana."

"Visiki vile vinene, ndiyo. Sisi tulifunga, ninyi mkavifungua. Nilifikiri ni watoto wanachezea."

Mama Vifungo alicheka. Alicheka hadi akashika mbavu, na machozi yakamtoka, na wale wazee wakaacha majembe wakamzunguka bila kujua kama anacheka au analia. Nguvu ilimrudi magotini. Alimpigia simu Kapteni, naye akaja mbio kutoka tanurini, unga umemjaa mikononi, akasikiliza pande zote mbili, akajipiga paji la uso likabaki jeupe. "Nilijua kuna watu wa Jumatano," alisema, "ila sikujua wana tepe." Wakakubaliana pale pale: nyekundu ni ya kubakiza, lantana haihitaji kufungwa, miiba yake inajitambulisha yenyewe. Kapteni alimshika Mama Vifungo mabega. "Mama, nisamehe. Mimi nilishaanza kufikiri..."

"Najua ulichofikiri," alisema Mama Vifungo, na alikuwa na raha kiasi kwamba hata hilo lilimchekesha. "Ila mzee mwenzangu, tepe zangu mlizipata wapi? Mliokota?"

"Tuliokota?" Mzee wa posta naye akacheka. "Wewe mwenyewe ulinipa. Uliniletea boksi zima nyumbani."

"Unanifananisha."

"Labda," mzee akasema kwa adabu, maana aliona uso wake umebadilika.

Wakati huo huo mkewe akawa anateremka kutoka njiani na ndoo ya maji ya kunywa, mwanamke mnene, mchangamfu, na alipomwona Mama Vifungo akaweka ndoo chini akamjia mikono wazi.

"Dada! Nikajua utakuja. Nimeivaa ile blauzi, tazama, kifungo chako hakijalegea hata kidogo." Akamwonyesha kifuani kifungo cha rangi ya zambarau, kimeshonwa kwa uzi wa rangi hiyo hiyo, kwa fundo la kukunja mara mbili. Kisha akashusha sauti. "Na mimi habari ya dada yako haijanitoka. Ile ya msichana wa kazi. Ulivyonisimulia pale jikoni tukinywa chai, siku ile nililia hadi mzee akaniuliza kuna nini."

Habari ya msichana yule Mama Vifungo hakuwahi kumsimulia mtu nje ya ukoo. Aliutazama uso wa mwanamke huyu, uso mpana wenye kidoti karibu na pua, akautafuta kila mahali ndani ya kichwa chake. Alivuta droo moja baada ya nyingine. Jiko halikuwemo. Chai haikuwemo. Njia ya kwenda katika nyumba hiyo haikuwemo, wala ya kurudi.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, nakumbuka." Akatabasamu, akakishika kile kifungo akakivuta kidogo kama fundi anayekagua. Kimeshonwa vizuri sana. "Hakitalegea hicho."

Binti alifika jioni, jua likiwa bado dirishani. Hakuhitaji kusimuliwa, Kapteni, ambaye hana siri hata ya hamira, alikwisha kumpigia simu. Aliingia huku analia na kucheka, akamwangukia mama yake shingoni, mkoba bado begani.

"Nisamehe, mama. Wallahi nisamehe. Nimekufanya mgonjwa wakati wazee wawili wameshindwa kuelewana juu ya kamba."

"Utepe," Mama Vifungo alimsahihisha.

"Utepe. Nimeshampigia daktari, nimemwambia hatuji kesho. Na sitasema tena, nimekuahidi. Ukiunguza masufuria yote ya mji huu sisemi." Alijifuta pua, akaenda jikoni kuteleka chai, na huko jikoni akaanza kuimba. Mama Vifungo hakukumbuka ni lini alimsikia mwanawe akiimba. Lakini hilo la kutokumbuka, alijiambia, ni la kila mzazi.

Alikaa akisikiliza. Nyumba ilikuwa yake. Maboksi yalikuwa yake, dirisha lilikuwa lake, na ushahidi ulikuwa mkubwa, watu wazima kumi na kitu waliomwona akipatia. Angenyamaza tu. Mke wa mzee wa posta angemwambia nani? Angekwenda Jumamosi, angefunga miche yake, na angekuwa mwangalifu. Dada yake naye alikuwa mwangalifu sana. Hata sasa hakuna ajuaye alikuwa mwangalifu kwa muda gani kabla hawajagundua, na ni vitu gani vingine alivitafuta kichwani akiwa peke yake, akitabasamu, akisema ndiyo, nakumbuka. Mama Vifungo alimwonea huruma dada yake kuliko alivyowahi kumwonea akiwa hai.

Binti akarudi na vikombe.

"Kaa," mama akasema.

"Nimekaa."

"Zile tepe niliwapa mimi. Nilikwenda nyumbani kwao. Nilikunywa chai jikoni, nikamshonea mwanamke kifungo, nikamweleza habari za dada. Fundo ni langu, nimelishika kwa mkono huu."

"Sawa," binti akasema, hajaelewa. "Kwa hiyo?"

"Siikumbuki nyumba hiyo. Yule mwanamke simkumbuki. Nimeitafuta siku hiyo tangu asubuhi, na haipo."

Wimbo ulikuwa bado umebaki kidogo usoni mwa binti, kisha ukaondoka. Alifungua mdomo, akaufunga, maana alikuwa ameahidi, na yeye si mtu wa kuvunja ahadi. Hilo alilirithi kwa mama. Alikaa hivyo, mikono imezunguka kikombe, akijikaza kama alivyosema angejikaza.

"Nilipatia," Mama Vifungo alisema, "na wewe ulisema nikipatia hutasema tena." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Sasa nakuomba useme, mwanangu. Mimi peke yangu siwezi."

Binti akaweka kikombe chini, akatafuta simu mkobani, akampigia daktari kumwambia kwamba kesho watakuja.